Kijazio cha Mama Hakimu

Bi Tumwitike aliposimama kuhutubia kwenye sherehe ya kumuaga mjukuu wake, ukumbi mzima wa Uyole ulinyamaza. Hata watu wa muziki walizima mitambo bila kuambiwa. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo karibu nusu ya maisha yake, watu walimwita Mama Hakimu mpaka leo, na mpaka leo alisimama kama anayetaka kusoma hukumu: kidevu juu, viganja vimetulia juu ya meza.

"Atupele," alimwambia bibi harusi mtarajiwa, "mume si mwajiri wako. Akianza kukununia badala ya kusema, mwite umhoji." Vigelegele vikapigwa. Akamgeukia kijana aliyekuwa akitabasamu kwa woga katikati ya ndugu zake. "Na wewe mkwe wangu, nisikilize. Nimevunja ndoa nyingi kwa kalamu yangu. Nimestaafu, lakini kalamu bado ninayo."

Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Tusekile, binti yake aliyekuwa ameketi kiti cha jirani, naye alicheka. Kisha mama yake akaketi, kitenge kikapepea, na harufu ikampata Tusekile puani.

Yeye alikuwa daktari wa mifugo kule Tukuyu. Harufu zilikuwa kazi yake. Mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya ng'ombe wengi mpaka begani, akatoa ndama waliokufa wakavimba, akaenda nyumbani akala chakula chake. Lakini harufu hii aliijua kwa namna nyingine. Ni ya nyama inayooza huku mwenye nyama akiwa bado anapumua. Aliwahi kuikuta kwa ng'ombe aliyeachwa alale ubavu mmoja.

"Mama, u mzima?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Pilau limeiva vizuri, eti?"

Alipotamka hayo, punje za wali zilimdondoka mdomoni zikatua kifuani. Hazikuwa za pilau la leo. Zilikuwa za kijivu. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kama la mtu anayeumwa jino.

Tusekile alimshika mkono, akamwongoza chooni kana kwamba wanakwenda kurekebisha vilemba. Mama alitembea vizuri, akiwasalimia watu kwa majina njia nzima, akimuuliza huyu habari za mguu na yule habari za mahindi. Mlango ulipofungwa nyuma yao, aliendelea kulitabasamia ukuta.

"Fungua kinywa, mama."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Fungua tu."

Tusekile alipitisha kidole kati ya shavu na fizi. Kilichotoka kilikuwa donge: wali, mboga, kipande cha nyama kilichogeuka uteute, vyote vimesukumwa pale na kusahaulika, mlo juu ya mlo. Fizi ya chini yake ilikuwa imelainika na kugeuka nyeupe. Alilitupa donge kwenye sinki, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Nyuma yake mama, mate yakimchuruzika kidevuni, alisema kwa sauti safi kabisa, "Mpishi amejitahidi."

Akamfungua kitenge. Chini yake kulikuwa na masweta, na chini ya masweta hapakuwa na mtu wa kutosha. Mbavu zilihesabika. Mwanamke mnene aliyejaa kiti cha mahakama alikuwa amebaki ngozi inayoning'inia kwenye mifupa, na masweta ndiyo yaliyokuwa yakimpa umbo. Nguo za ndani zilikuwa zimekaukia mwilini kwa mkojo wa zamani, zikarowa tena kwa mpya. Tusekile alizibandua taratibu. Juu kidogo ya matako, pale mfupa wa mwisho wa mgongo unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja. Kingo zake zilikuwa nyeusi. Ndani kilikuwa cha kijivu na kinang'aa, na ndani ya ule ung'avu kulikuwa na kitu kinachotembea.

Alishatoa funza kwenye kwato na kwenye masikio ya ndama, bila hata kukatisha mazungumzo na mwenye ndama. Safari hii alitapika.

"Inauma, mama?" aliuliza alipoweza.

"Hapana. Uzee tu huu. Mimi sijambo."

*

Kaka yake, Gwakisa, baba wa bibi harusi, aliyekuwa akiishi na mama, aliwakuta kwenye korido pamoja na mkewe Sekela. Tusekile alimweleza kwa sauti ya chini. Gwakisa alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeelezwa habari za nyumba nyingine.

"Haiwezekani. Mama anaoga mwenyewe. Kila asubuhi."

"Maji nayasikia, wifi," Sekela alisema. "Namuuliza, mama umeoga? Ananijibu, nimeoga, taulo lako linanukia vizuri."

"Mmewahi kuingia mkaona?"

"Nimwingilie mama mkwe bafuni? Mtu anayezungumza na akili zake?"

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Bi Tumwitike alikuwa akifungua maji, anasimama pembeni na nguo zake zote, anayafunga, anatoka. Kilichomtuma kufanya hivyo kilikuwa kidude chembamba kama ukucha, kilichopachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio lake tangu ugonjwa wa Alzeima ulipoanza kumnyang'anya majina ya watu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko nywele, zilikuwa zimesambaa ubongoni. Kilisomeshwa hotuba zake, ujumbe wake wa simu, utani wake, mwendo wake. Pale ubongo uliposhindwa kupata neno, chenyewe kilipata. Watu walikiita kijazio.

"Tumpeleke hospitali sasa hivi," Tusekile alisema.

Gwakisa aligeuka, akautazama mlango wa ukumbi kabla ya kumtazama mama yao. "Wakwe hawajala. Akiondoka sasa watauliza. Saa moja tu, dada, wakishapiga picha."

Tusekile alimtazama kaka yake, shati lake jeupe, manukato yake, na kile kichefuchefu cha chooni kikampanda upya. Aliliita gari kwa simu. Lilipojileta lenyewe mlangoni, alimpakia mama kiti cha nyuma, amelazwa kwa ubavu, naye mama aliwapungia wageni mkono kupitia kioo.

*

Wauguzi walisafisha kidonda wakiwa wamejifunga vitambaa puani. Mgonjwa wao aliwapongeza kwa upole wao, akamuuliza mmoja kama ameolewa.

Kesho yake asubuhi Daktari Nsajigwa, aliyekuwa akisimamia vijazio vya mkoa mzima, alimweka Tusekile mbele ya picha ya ubongo wa mama yake. Aliona mifereji mipana pale palipotakiwa kuwa na nyama, na mashimo meusi katikati.

"Umepungua sana," daktari alisema. "Kwenye Alzeima kuna takataka za protini zinazojikusanya katikati ya chembe za ubongo. Ndani ya chembe zenyewe kuna nyuzi nyingine zinazojisokota, zinazikaba, chembe zinakufa. Huwa inaanzia sehemu ya kumbukumbu. Ndiyo maana watu wanadhani ni ugonjwa wa kusahau funguo."

"Halafu?"

"Halafu inatembea. Inakula lugha. Inakula uwezo wa kutambua sura, wa kuzuia haja, wa kutembea. Mwisho kumeza. Mtu anawekewa tonge kinywani na mwili haujui tonge ni kitu cha kufanywa nini."

"Na kijazio hakizuii."

"Hatukuwahi kusema kinatibu. Kinajaza maneno na mwendo, na kinampa mgonjwa utulivu. Kuna kiwango cha utulivu. Familia nyingi huomba kiwekwe juu. Kaka yako pia aliomba. Mama alikuwa anahangaika, anapiga kelele jioni."

Tusekile alifikiri kama anavyofikiri zizini. "Daktari, mtu akikaa muda mrefu anaumia, anajigeuza. Hata ng'ombe anajigeuza. Mama hakujigeuza kwa sababu mlimzimia maumivu. Alikaa kwenye kiti akioza, anatoa ushauri wa ndoa."

Nsajigwa aliinamisha macho mezani.

"Punguzeni utulivu, basi. Maneno yabaki."

"Vimefungwa pamoja. Ukishusha utulivu, hofu inayavuruga maneno, kijazio kinajikanyaga. Kinabaki chote au kinazimwa chote."

"Jana aliyehutubia alikuwa nani?"

"Kuna sehemu iliyokuwa yeye," daktari alisema. "Ndogo. Ndogo sana."

Bi Tumwitike mwenyewe ndiye aliyemteua Tusekile kuamua mambo yake, kwa kuwa, alisema wakati ule, Gwakisa ana moyo laini kama parachichi anazouza. Na siku hiyo hiyo, akiwa na akili zake zote, aliwaketisha wanawe wawili sebuleni akawaambia: "Nimeona watu wakivuliwa utu mbele yangu mahakamani. Mimi sitaki. Siku nikianza kujisaidia kwenye nguo, kitu hicho kinifiche. Msiniache nionekane." Tusekile aliahidi. Aliahidi akilia, ameshika magoti ya mama yake.

Sasa alikwenda kitandani, akavuta kiti.

"Mama. Nataka kukizima."

"Usikizime, mwanangu," sauti ilisema, ile ile nzito, yenye mzaha kidogo pembeni. "Uliniahidi. Au umesahau kwamba mimi ni hakimu?"

Angekuwa mtu mwingine angesimama akaondoka. Lakini Tusekile alizoea wagonjwa wasiosema, naye aliacha kusikiliza akaanza kutazama. Mshipa wa shingo ulikuwa unakwenda mbio. Jasho lilikuwa limeota juu ya mdomo. Kila neno lilipokwisha, taya lilibana mpaka meno yakasagana, kisha likaachia kwa neno linalofuata. Chini ya shuka vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyeshikwa. Alimwekea mkono tumboni. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Mwili wake una maumivu," alisema.

"Sina maumivu," sauti ilijibu. "Umekula lakini, Tuse? Unakonda."

Tusekile aliuondoa mkono wake kana kwamba umegusa kitu cha utelezi. Kilikuwa kimejifunza mpaka jina lile la utotoni.

"Zima," alimwambia daktari.

Gwakisa aliingia wakati huo huo, akihema, nguo za jana mwilini. "Dada, hapana! Ongea naye kwanza! Mama, mwambie!"

"Gwakisa, mwanangu," mama alianza, na hakumaliza.

Uso ulidondoka. Hakuna namna nyingine ya kusema. Kila kitu kilichokuwa kimeushikilia kiliuachia, mashavu yakashuka, jicho moja likaelekea pembeni, mdomo ukabaki wazi. Kisha kutoka ndani sana kikapanda kilio kisicho na neno hata moja ndani yake, kirefu, kama cha mnyama aliyenasa. Mkojo ukarowesha shuka. Mikono ilirushwa huku na huku, na Tusekile alipoishika, mama yake alimtazama kwa hofu tupu, akamkwangua shavu kwa kucha.

"Umemuua mama," Gwakisa alisema akiwa mlangoni. Hakusogea. "Umemuua."

"Mpeni dawa ya maumivu," Tusekile aliwaambia wauguzi, damu ikimtoka shavuni. "Sasa mnaona panapomuuma. Mpeni dawa."

*

Alimhamishia Tukuyu, kwenye nyumba yake iliyozungukwa na mashamba ya chai, ambako mvua haikati mpaka mtu anasahau rangi ya anga. Alipunguza kazi za mifugo. Mwanamke wa jirani, Mama Lusajo, alikuja kumshikia zamu.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri, na Tusekile hakumficha mtu. Mama alipaka kinyesi ukutani. Alimtemea uji usoni. Alimng'ata Mama Lusajo kidole mpaka kikavimba. Misuli ilianza kukakamaa, magoti yakajikunja kuelekea tumboni, na kuyanyoosha ili asafishwe ilikuwa kazi ya watu wawili. Neno pekee lililobaki lilikuwa "toka." Alilitumia kwa kila kitu, kwa kijiko, kwa mwanga wa dirishani, kwa binti yake.

Watu wa kanisani walimwambia Tusekile kwamba atazoea. Hakuzoea. Kila alipofungua nepi, aligeuza uso kwanza. Alijifunza kupumua kwa mdomo, akajifunza kufanya haraka bila kufanya vibaya. Siku nyingine alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama mvuani akijisugua mikono kwa sabuni ya unga, akijichukia kwa kuchukizwa na mwili uliomzaa. Kisha alirudi kumgeuza, kwa sababu muda wa kumgeuza ulikuwa umefika. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Uji mzito, kijiko kidogo, subiri koo lipande na kushuka, chungulia shavu, kijiko kingine.

Mama akilia, walijua panauma, wakatafuta panapouma. Dawa ikimkolea, kilio kilipungua, uso ukalegea, akalala kama mtu aliyechoka kweli.

Gwakisa alikuja mara moja tu. Alikaa barazani, hakutaka kuingia. Alikuwa na kikopo cha maziwa mkononi na simu mapajani, na Tusekile alipotoka ndani alimkuta akicheka.

"Unaongea na nani?"

Hakuona aibu. "Hospitali walinipa nakala. Kila kitu ambacho kijazio kilijifunza. Yuko hapa."

"Dada yako huyo?" sauti ya Bi Tumwitike iliuliza simuni. "Mwambie avae sweta, Tukuyu baridi."

Kutoka chumbani, sauti nyingine ilitoa mguno mrefu. Muda wa kugeuzwa ulikuwa umefika.

"Njoo unisaidie kumgeuza mama," Tusekile alisema.

"Dada..."

"Mama Lusajo leo hayupo. Njoo."

Alikuja, akashika miguu kama alivyoelekezwa. Tusekile alifungua nepi, harufu ikajaa chumba, na Gwakisa akaona: makalio yasiyo na nyama, ngozi iliyokunjamana, bandeji, kidonda ambacho sasa kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Bi Tumwitike aligeuza kichwa, akamtazama mwanawe wa kwanza. "Toka," alimwambia.

Gwakisa aliiachia miguu, akakimbia. Tusekile alimsikia akitapika kwenye maua. Alimaliza kazi peke yake, goti lake likizuia mgongo wa mama. Alidhani kaka yake atarudi. Hata yeye alitapika siku ya kwanza.

Alipotoka, Gwakisa alikuwa ameshaingia kwenye gari.

"Yule simjui," alisema kupitia dirishani, akijifuta mdomo. "Nisamehe, dada. Yule mimi simjui."

Gari lilipogeuka, simu ilikuwa imeshaanza kumuuliza kama ameaga vizuri.

*

Bi Tumwitike alifariki mwisho wa masika. Uji uliteleza ukaingia kwenye mapafu, homa ikapanda, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema wengi wa ugonjwa ule huondoka kwa njia hiyo. Tusekile alikuwa amemshika kiganja. Hakikumkwangua tena. Mama hakumtambua mpaka mwisho, wala hakusema neno.

Wanawake wa ukoo walikuja kumwosha. Walikuwa wamesikia mengi kutoka Mbeya: kwamba Tusekile alimzima mama yake kama taa, kwamba amemwacha aoze kule kwenye chai. Walimvua shuka bila kusemezana. Shangazi Syabumi, wifi mdogo wa marehemu, ndiye aliyesema wamgeuze. Walimgeuza wakitazama pale walipoambiwa pana shimo.

Palikuwa na kovu. Ngozi mpya, ya waridi, nyembamba kama ya kitoto kichanga, ilikuwa imepafunika pote. Shangazi alipagusa kwa mgongo wa kidole, akakaa hivyo kwa muda. Kisha alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akamkabidhi Tusekile mkononi, akasogea pembeni ili yeye ndiye aanze.

Walimzika mchana, mvua ikinyunya, kwenye ardhi iliyolowa. Mchungaji alipomaliza, watu walianza kuchukua udongo kwa zamu. Gwakisa alikuwa mbele, suti nyeusi, macho mekundu kwa kulia. Alikuwa ameinama kuchukua udongo wake simu ilipoita mfukoni. Hakuipokea. Ikajipokea yenyewe.

"Gwakisa, mbona kimya leo? Umekula?"

Waliokuwa karibu waligeuka. Mtoto mmoja akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Shangazi Syabumi aliushika mkono wa Tusekile, akaukaza.

Gwakisa aliitoa simu kwa vidole vyenye matope. "Niko msibani, mama," alinong'ona. "Nitakupigia."

"Pole sana, mwanangu. Msiba wa nani?"

Makoleo yalikuwa yamesimama. Tusekile aliitazama midomo ya kaka yake, na bila kutaka alijikuta akimwombea, kama mtu anavyomwombea anayevuka maji: sema, sema tu, Gwakisa.

"Msiba wa nani?" sauti iliuliza tena, kwa upole.

Gwakisa alilitazama jeneza chini shimoni, akawatazama watu. Akaisogeza simu karibu na mdomo, akaifunika kwa kiganja ili mvua isiiharibu.

"Wa jirani," akasema.